Punje Thelathini na Sita

3 Machi

Mume wangu Fundi,

Nimefika salama, ila mgongo nadhani nimeuacha kwenye basi. Mama amevunjika nyonga kweli. Hageuki kitandani bila watu wawili, na anatugombeza sote wawili, kwa hiyo atapona. Daktari amesema miezi mitatu au zaidi. Cherehani yangu ifunike, usiweke saa zako juu yake.

Sasa nisikilize, maana najua unavyosoma barua: mistari mitatu ya juu, halafu jina la chini. Hii soma yote. Nyanya zifunge kwenye vijiti. Mchicha umwagilie asubuhi kabla jua halijakasirika. Kabichi uzifunue majani ya chini, viwavi wanajificha huko. Na kila siku saa nne toa ule ubao uliolegea kwenye uzio, kuku wa dada waingie wachokoe funza. Nikisema dada ni Bi Mkunga, usijifanye hujui. Wape nusu saa tu, kisha warudishe kwao na ubao uuegeshe, maana wakishiba funza wanahamia kwenye mchicha. Ndivyo tulivyoishi mimi na yeye miaka kumi na tisa, kuku wake wanakula, mboga zangu zinapona.

Sumu usitie. Ya unga, ya maji, ya kuloweka, yoyote ile. Kuku wa watu wanapita pale.

Na umwangalie dada mwenyewe. Mkwe wake anakuja mwezi wa sita kujifungulia kwake, mjukuu wa kwanza huyo. Amewapokea watoto wa mtaa mzima, wetu watatu wakiwemo, lakini huyu ndiye anayemkosesha usingizi. Vitambaa vya mtoto ameshavifua mara mbili na miezi mitatu bado. Akikuita umsogezee kitanda, nenda.

Mkeo

*

14 Machi

Mke wangu,

Barua nimeisoma yote, hadi pale uliponisema vibaya.

Ubao natoa saa nne kamili, na kama ni ukamilifu, dukani kwangu zipo saa sita za ukutani zinazogonga kwa pamoja. Kuku wameshanizoea, nawakuta wamepanga foleni. Anayetangulia ni yule jogoo wa kijivu ambaye mkwe wa Bi Mkunga alimletea zawadi mwezi wa kwanza kutoka kwa mama yake. Anaingia kifua mbele utadhani bustani kaandikishiwa yeye.

Viwavi wa kabichi nimewatoa mmoja mmoja kwa kibano cha kazini, nimevaa na kioo changu cha jicho. Ukimtazama kiwavi kwa kioo cha fundi saa utamheshimu. Ana uso wa mtu asiye na haraka.

Kinachonishinda ni panya buku. Ametoboa shimo nyuma ya bafu linaloingia ngumi zangu mbili. Wiki iliyopita alikata miche kumi na minne ya nyanya, juzi akahamia kwenye mahindi machanga. Nimeziba shimo kwa jiwe, akachimba pembeni ya jiwe. Nimetega mtego, akala chambo na kuniachia kinyesi juu ya mbao. Mimi ninayefungua saa za kike zilizo ndogo kuliko ukucha, nimeshindwa na mnyama anayenuka.

Ukirudi ukakuta vijiti vitupu utasema nililala. Nimeshasemwa vya kutosha mwaka ule nilipoikausha bustani yako. Basi ondoa shaka, nimepata dawa yake. Usiulize dawa gani, utaiona kwenye matokeo.

Bi Mkunga anakusalimu. Kitanda nimekisogeza mara tatu, na kimerudi pale pale kilipokuwa.

Mumeo

*

22 Machi

Mume wangu,

Nauliza hivyo hivyo: dawa gani? Kama ni ile ya kuua, iache. Chukua majivu, changanya na pilipili ya kusaga, umwage mlangoni pa shimo, halafu ujaze matawi ya miiba. Anachukia kuchomwa. Ukishindwa, mwache ale. Nyanya zitaota nyingine.

Na nikuambie kitu usichokijua. Panya buku hali pale anapookota. Anajaza mashavuni, anakwenda kufukia akiba yake mahali pengine, kwenye udongo laini. Niliwahi kumkuta mashavu yamevimba kama mtu mwenye jino bovu. Kwa hiyo hata ukimtegea sumu, hutajua imekwenda kulala wapi.

Mama leo ameketi kwa mara ya kwanza. Ameketi na kuuliza kwa nini chumba hakijafagiliwa.

Mkeo

*

24 Machi

Mke wangu,

Sijapata barua yako wiki hii. Nina habari mbaya ya jirani.

Jana mchana kuku wa Bi Mkunga walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Mpaka alasiri walikuwa wamekufa saba, na yule jogoo wa kijivu ni mmoja wao. Bi Mkunga amesema ni kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima. Nimemsaidia kuchimba shimo, tumewazika.

Ubao wa uzio nimeupigilia misumari ili ugonjwa usitembee. Mboga hazijambo. Ile dawa niliyokutajia niliitupa, haikuwa kitu.

Mumeo

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nasikia mama anaketi, nimefurahi. Usimruhusu akanyage chini kwa ubishi, mifupa ya uzee haina msamaha.

Mwenzio nimepigwa. Bila shaka shemeji amekuandikia. Kuku saba kwa mchana mmoja. Nimebaki na mmoja tu, yule aliyekuwa ndani jikoni ameatamia mayai, na yeye hana hata chafya. Nimewaza sana ugonjwa huu umetoka wapi. Kuku wangu hawana safari, wanakwenda kwako na kurudi. Kitu kigeni kilichoingia uani kwangu mwaka huu ni yule jogoo.

Wewe ulikuwepo siku mkwe wangu alipomfungua kamba. Niambie ukweli wa Mungu, hakuwa amezubaa? Shemeji nimemuuliza kama aliona dalili, akaniambia, "Huenda." Unamjua shemeji, hatamki kitu ambacho hajakipima.

Sitaki kumwonea mtoto wa watu, tena ana tumbo. Lakini kama mama yake alijua banda lake lina maradhi, akaniokotea mgonjwa na kumwita zawadi, hiyo ni dharau na nina haki ya kuisema. Tangu posa yule mama ananitazama kwa pembe ya jicho.

Nijibu upesi. Moyo unachemka na sina wa kumwambia.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada yangu,

Pole sana. Najua kuku wako walikuwa watu kwako.

Umeniuliza ukweli nami sitakuficha. Siku ile jogoo alipofunguliwa nilimwona anafumba macho mchana kweupe. Nikasema moyoni huyu si mzima, nikanyamaza, maana zawadi haikosolewi mbele ya aliyeileta. Na mume wangu ameniandikia mwenyewe kwamba ni kideri.

Mwambie mkwe wako, dada. Na mama yake apate habari. Ukweli haujamuua mtu, na afadhali mgombane sasa kuliko aje kujifungua huku una kinyongo naye.

Mdogo wako

*

26 Aprili

Mke wangu,

Bustani imestawi kuliko mwaka wowote. Kabichi moja imenishinda kuikumbatia. Nimezigawa kwa wateja, mimi mwenyewe hamu sina.

Jumapili mkwe wa Bi Mkunga alikuja, tumbo limefika mbele kabla yake. Sikukusudia kusikiliza, nilikuwa nyuma ya uzio na ndoo ya maji. Bi Mkunga hakumpa hata kiti. Akamwambia habari ya jogoo. Yule binti akasema, taratibu kabisa, "Mama, kwetu hakuna kuku mgonjwa. Wapo mpaka leo, njoo uwaone." Bi Mkunga akamjibu, "Basi mgonjwa ni mama yako, wa roho. Amenifungia maradhi kwenye kikapu akayaita zawadi." Binti alisimama kidogo, akajifuta uso, akaondoka. Hakukaa hata robo saa. Mimi nilimwagilia tuta moja mara mbili.

Wewe ulimwandikia nini Bi Mkunga? Anasema umemthibitishia. Ungeniuliza mimi kwanza.

Panya buku amerudi. Simfanyi kitu. Nyanya za upande ule nimemwachia.

Natamani urudi. Wakati mwingine natamani usirudi mapema.

Mumeo

*

9 Mei

Mume wangu,

Nimezitandaza barua zako kitandani kwa mama nikazisoma kwa mpangilio. Ya kwanza ina panya na dawa. Ya pili haina panya, dawa imetupwa, na kuku saba wamekufa. Ya tatu panya yupo, na wewe uliyetaka kumla nyama unamwachia nyanya. Miaka ishirini na minne nimeshona nguo za watu. Kitambaa kilichokatwa vibaya hata ukikipiga pasi, pindo linasema.

Una nini? Niandikie bila kupamba. Na usinitajie kabichi.

Mkeo

*

17 Mei

Mke wangu,

Ni mimi niliyewaua.

Nililoweka mahindi kwenye sumu. Nilihesabu punje mia moja na ishirini, nikazipanga mbele ya shimo jioni ya tarehe ishirini na mbili. Nilijiwekea utaratibu: jioni naweka, asubuhi naokota zilizobaki, nahesabu, ndipo natoa ubao. Nani angenishinda kwa utaratibu? Asubuhi niliokota punje themanini na nne. Nikasema, thelathini na sita zimo tumboni mwa panya, kwisha habari yake. Nilifurahi, mke wangu. Nikanawa mikono, nikanywa chai. Saa nne kamili nikatoa ubao.

Barua yako ya mashavu ya panya ilifika siku nne baada ya kuwazika. Niliisoma nimesimama, nikaenda kufukua tuta la mchicha. Nikakuta punje tisa bado zimefukiwa pale pale kuku walipokuwa wanachokoa.

Neno kideri silo langu, lakini nililipokea. Nilikuwa nimemshika jogoo miguu, nimeshafungua mdomo kusema, Bi Mkunga akanitangulia: "Ni kideri, shemeji, nimekiona mara mbili maishani." Nikasema, "Inaelekea." Nilidhani litaishia shimoni na kuku. Kesho yake likawa gumu kidogo, wiki iliyofuata likawa gumu zaidi, na aliponiuliza habari ya jogoo nikasema "Huenda", nikajiona mjanja kwa sababu sikusema ndiyo. Niliogopa wewe utakavyonitazama. Uliniambia sumu usitie, na mara moja hii ndiyo niliyosoma barua yako yote.

Jana kijana wa Bi Mkunga amekuja. Mkewe hatajifungulia hapa, anakwenda kwa mama yake. Kijana ameomba mama yake aende akaombe radhi, Bi Mkunga amesema, "Niombe radhi kwa kufiwa na kuku?" Alipoondoka nilimwona Bi Mkunga anaanua vile vitambaa kwenye kamba. Alivikunja polepole, kimoja kimoja, akavifunga kwenye mfuko.

Nifanye nini?

Mumeo

*

26 Mei

Fundi,

Unauliza ufanye nini, na uzio ni mmoja tu kati yako na yeye. Nenda. Usimwandikie, usimtume mtu, nenda kwa miguu yako siku hiyo hiyo utakaposoma hapa, kabla hujafungua duka. Wakati ungalipo, yule binti hajazaa bado.

Nimekasirika mpaka mama ameniuliza nani kafa. Kuua kuku ni ajali. Lakini umemwona mtu aliyewapokea watoto wako kwa mikono yake akifukuza mjukuu wake mlangoni, na wewe umeshika ndoo.

Na mimi nimo. Nilisema jogoo alifumba macho. Kuku gani hafumbi macho akiwa juani? Nilitaka kumpendeza dada, nikaokota kitu nisichokijua nikampa kama ushahidi. Yangu namwandikia mwenyewe leo. Posta ya huku ni ya kobe, wewe utamfikia kabla yangu. Usinifanye nije nikute hujamwambia.

Mkeo

*

5 Juni

Bi Mkunga,

Barua hii nakukabidhi mkononi, kisha naomba uniruhusu niondoke wakati unaisoma.

Juzi nilikuja kwako kukuambia jambo, nikaishia kukuomba chumvi. Ukanipa kikombe kizima ukaniambia nisirudishe. Jana nilikuja tena, nikakuta una wageni, nikashukuru Mungu kwamba una wageni. Mke wangu alinikataza kukuandikia, alisema nije niseme kwa mdomo. Nimejaribu. Mdomo wangu umeshindwa.

Kuku wako hawakufa kwa kideri. Niliwaua mimi. Nilitega panya kwa mahindi ya sumu, panya akayabeba akayafukia kwenye mchicha, kuku wakayafukua. Nilijua siku ile ile tulipokuwa tunawazika. Jogoo wa mkwe wako alikuwa mzima kuliko mimi. Mama yake hakukutendea ubaya wowote.

Sina cha kujitetea. Naomba kitu kimoja, na si msamaha. Nenda kwa mkwe wako. Mwezi ndio kwanza umeanza, huenda hujachelewa. Nauli ya basi nimeiweka humu, na duka nimelifunga ili nikulindie nyumba.

Fundi

*

9 Juni

Shemeji,

Nakuandikia nikiwa stendi, basi limeharibika na abiria tumeambiwa tusubiri. Ningeweza kungoja nikuone uso kwa uso, lakini naogopa nikikuona nitanyamaza kama ulivyonyamaza wewe. Kumbe ni rahisi hivyo.

Barua yako niliisoma mlangoni, wewe hujafika hata kwako. Barua ya mkeo ilikuwa imefika asubuhi yake, nilikuwa sijaifungua. Niliziweka zote mbili mkobani, nikaenda bila kubadili nguo.

Mtoto alizaliwa Jumatano alfajiri. Ni msichana, kilo tatu na robo. Mimi nilifika Ijumaa usiku. Alipokewa na nesi wa zahanati ya pale, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Nilikagua kitovu nikitafuta kosa. Sikuliona. Amekifunga vizuri.

Jumamosi niliwasomea barua yako neno kwa neno, mkwe wangu na mama yake wakiwepo. Nilimwomba radhi mama yake, nikapiga magoti, akaniinua kwa mkono. Kisha akatoka kwenda kuwapa kuku wake maji. Nimewaona, wazima wote. Mkwe wangu akasema, "Fundi alificha, mama. Lakini wewe hukuniuliza."

Miaka arobaini simgusi mama mjamzito kabla sijamuuliza wapi panauma. Yeye nilimsimamisha uani na tumbo lake nikamsomea hukumu. Nimezika kuku saba bila kumpasua hata mmoja nimtazame ndani, kwa sababu nilishajua nani nataka awe na makosa. Hilo wewe hukuniwekea kinywani, shemeji. Uliniachia tu mlango wazi, nikapita mwenyewe.

Kuku nimekusamehe. Kimya chako nacho nitakusamehe, ila nipe muda, na usije kuomba chumvi kwanza. Mwambie mkeo barua yake nimeisoma, na asilie sana, tutalia pamoja akirudi.

Walinipokea vizuri mno. Nilitandikiwa kitanda cha wageni, nikachemshiwa maji ya kuoga, nikapewa kiti chenye mto sebuleni. Nilipoinuka kwenda jikoni kumpikia mzazi supu, mkwe wangu alisema, "Kaa tu mama, usijisumbue." Asubuhi niliamka mapema nimwogeshe mtoto, nikakuta bibi yake ameshamwogesha. Wakaniletea nimpakate. Nilimpakata mpaka alipolia, wakaja wakamchukua, wakanimiminia chai. Nilikaa siku nne. Leo nilipoaga, mkwe wangu alinisindikiza hadi barabarani, akaniwekea matunda ya njiani kwenye mkoba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante kwa kututembelea."

Bi Mkunga